Maumivu Yenye Faraja

Ni ajabu mtu kutoa fedha zake ili aumizwe, kisha akaondoka akishukuru. Lakini ndivyo ilivyo katika nyumba za kuchua nyayo nchini China, nasi tuliojaribu twaweza kushuhudia.

Tulipokuwa masomoni katika nchi hiyo, wenyeji wetu walitupeleka jioni moja kuchuliwa nyayo baada ya juma zima la mazoezi. Kwanza miguu ililowekwa katika ndoo ya mbao yenye maji ya moto na majani ya dawa. Kisha mchuaji, mama wa makamo mwenye vidole kama koleo, akaupakata mguu na kuanza kuukandamiza unyayo kwa vifundo vya vidole. Alipofika karibu na kisigino, machozi yalitulengalenga. Akauliza kama twaumia. Sisi, tuliofundishwa katika chuo cha kadeti kwamba askari halii, tukajibu kuwa hatuumii hata kidogo. Naye akazidisha nguvu!

Mwenyeji wetu akacheka, akatueleza kwamba swali lile si la adabu tu. Jibu ndilo limwongozalo mchuaji, apunguze, aongeze au aache. Amdanganyaye amemfumba macho. Tuliposema kweli, mkono ulilegea, na yale maumivu yakageuka raha nzito isiyoelezeka. Usiku ule tulilala fofofo.

Elimu ya kuchua ni kongwe huko. Zama za ufalme wa Tang, kati ya mwaka 618 na 907, ofisi ya matabibu wa mfalme ilikuwa na idara ya wachuaji. Na tangu miaka ya 1950 vipofu wengi wa China wamefundishwa kazi hii, wakaishi kwa jasho lao. Hata hivyo, tusiamini kila tuambiwalo. Ile ramani ya unyayo isemayo kwamba hapa ni ini na pale ni figo, kama itumikavyo sana leo, yatokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Mmarekani Eunice Ingham katika miaka ya 1930, na utafiti wa kitabibu haujathibitisha kwamba kubonyeza unyayo huponya ini wala figo. Faida iliyo wazi ni misuli kulegea na mwili kupumzika, nayo si haba kwa mtu aliyekesha lindoni.

Twasimulia haya kwa sababu moja. Katika kambi na vituo vyetu hapa Uganda wako vijana wanaoficha maumivu kwa kuogopa kuitwa wategaji. Kuruta mwenye ufa katika mfupa wa muundi hukaza buti na kwenda gwaride, mpaka mfupa ukavunjika kabisa. Huo si ushujaa, bali ni kumpunguzia adui askari mmoja wa kupigana naye.

Maumivu ya kuchuliwa hupungua mkono uondokapo, na mwenye mwili ana amri ya kuyasimamisha. Yale yanayokuamsha usiku, yanayovimbisha mguu au kuutia ganzi, ni ripoti kutoka mstari wa mbele, na ripoti haitupwi. Ambaye mguu wake mmoja umevimba na kupata moto asichuliwe, maana huenda damu imeganda katika mshipa. Wala aliyevunjika mfupa. Wala mgonjwa wa kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi. Hao waende kwa daktari kwanza.

Nanyi makamanda na masajini, mkimwuliza askari kama anaumia, pokeeni jibu lake bila kejeli. Aliyedhihakiwa leo hatasema kesho, na wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Yule mama wa China aliuliza, kisha akangoja jibu. Yatupasa nasi kuuliza vivyo hivyo, na anayeulizwa aseme kweli.