Kompyuta inapoila "T" ya Tunduma

Wadau, leo nawachokoza vijana wenzangu mnaoandika programu. Fungua Python kwenye Windows, kisha uiambie kompyuta faili lako liko wapi, hivi: "C:\tunduma\nyaraka". Haitaona Tunduma wala nyaraka! Hiyo \t inageuka nafasi ya tab, \n inageuka mstari mpya, unabaki na "unduma" na "yaraka". Na Kiswahili chetu kilivyojaa maneno kama namba, nakala, taarifa na tarehe, tutaumia sana.

Chanzo ni historia tu. Unix ya miaka ya 1970 ilitenganisha folda kwa mkwaju wa kawaida (/). MS-DOS ilipoanza kutumia folda mwaka 1983, mkwaju huo ulishakuwa na kazi nyingine kwenye amri zake, ikachukua wa kinyume (\). Windows ikarithi. Linux na Mac zinatumia ule wa Unix.

Sisi wa Tunduma tusishangae. Hapa ikiwa saa nne asubuhi, ng'ambo pale Nakonde, Zambia, ni saa tatu. Jua ni lile lile.

Kinachoniudhi mimi ni makosa yasiyopiga kelele. Mtu anatengeneza programu ya wakala wa forodha kwenye laptop ya Windows, anaihamishia kwenye seva ya Linux. Kwa Linux, \ ni herufi tu kama nyingine, hivyo inatengeneza faili moja lenye jina "nyaraka\lori.pdf" na kunyamaza. Tena Linux inatofautisha "Nyaraka" na "nyaraka", Windows kwa kawaida haijali. Wakala anatafuta hati ya mzigo, haipo. Dereva analala mpakani. Ukimuuliza fundi, anakujibu "mbona kwangu inafanya kazi?" Kwangu mimi, huyo hajamaliza kazi aliyolipwa.

Na dawa ipo, haiuzwi! Python ina pathlib tangu toleo la 3.4 la mwaka 2014. Unaipa majina ya folda moja moja, "tunduma", halafu "nyaraka", yenyewe inaunganisha kufuatana na kompyuta iliyopo. Java na Node.js nazo zina za kwao. Herufi kubwa na ndogo haikusaidii, hapo ni nidhamu yako: majina yote herufi ndogo, halafu jaribu programu kwenye Linux kabla hujamkabidhi mteja.