Usilipie Kazi Ambayo Hujapewa

Kwani nani alituambia kutafuta kazi ya kwanza ni kununua makaratasi?

Chukua tangazo lolote la kazi, hasa hizi za serikali na kaunti. Hata kabla hujaelewa utakuwa unafanya nini, washakupangia foleni: cheti cha tabia njema cha DCI, HELB, KRA, EACC, CRB. Vitano. Na mara nyingi wanavitaka siku ya kutuma maombi, si siku ya kuanza kazi.

Hebu tupige hesabu. Cheti cha tabia njema ni shilingi 1,050 kwa eCitizen. Cha HELB, hata kama hukuwahi kukopa kwao hata ndururu, ni 1,000. CRB ni 2,200. Vya KRA na EACC havilipiwi, lakini saiba haichapishi bure, na matatu ya kukupeleka Huduma Centre kupigwa alama za vidole haibebi mtu kwa neema. Ukiacha nauli, hiyo ni 4,250.

Sasa mtu hana kazi, hiyo 4,250 anatoa wapi? Ni ya mathe. Ama ni kuku wameuzwa nyumbani. Ama ni mkopo wa simu, na hapo ndio unacheka ili usilie: unakopa ndio ulipie cheti cha kuonyesha madeni hayakusumbui.

Haya yote wanasema ni Sura ya Sita ya Katiba. Sawa, tuisome. Hiyo sura ya Katiba ya 2010 inazungumzia uongozi na uadilifu. Shabaha yake ni maafisa wa serikali, watu wanaokabidhiwa mamlaka na mali ya umma. Mtoto wa miaka 22 anayeomba kazi ya kupokea wageni ofisini amekabidhiwa nini? Hata funguo za choo bado hajapewa.

Najua kuna mwajiri atasema, "Lakini lazima nijue namwajiri nani." Kweli kabisa. Mtu akikuachia duka lake na pesa zake, ana haki ya kujua kama una kesi. Shida yangu si cheti, ni wakati. Tuseme watu 200 wameomba nafasi moja. Ukitaka vyeti mwanzoni, watu 199 wamelipa 4,250 kila mmoja wakakosa. Hiyo ni 845,750 imetoka kwa mifuko ya watu wasio na kitu. Ukingoja mpaka uchague mmoja, analipa huyo mmoja, na utajua yote unayotaka kujua.

Mpaka waajiri waelewe hivyo, sisi tujipange hivi.

Kwanza, soma tangazo mpaka mwisho. Wakisema vyeti ni vya watakaofaulu, tulia na pesa yako. Kama haijulikani, piga simu uulize, kuuliza si ujinga. Na kama lazima viambatishwe, jiulize kwanza kama unatimiza yale mengine yote. Usitoe 4,250 kwa kazi inayotaka uzoefu wa miaka mitano na wewe huna hata mmoja.

Pili, maliza yale ya bure. Wengi wetu tulichukua PIN ya KRA tukaisahau. Kumbe hata kama huna mapato, unafaa kuwasilisha ritani ya sufuri kabla ya tarehe 30 Juni kila mwaka. Ukichelewa, faini ni 2,000. Hiyo ni faini ya kutokuwa na kazi kimyakimya! Ni dakika chache tu kwa simu, fanya leo.

Tatu, tengeneza ushahidi. CV zetu zimejaa "mchapakazi" na "mwaminifu", na hakuna mtu amewahi kuandika yeye ni mvivu. Kama ulikuwa unamsaidia shangazi kuuza mitumba Gikomba, andika: nilifungua belo, nikapanga bei, nikaweka hesabu za kila siku. Kama unaandikia chama cha mama rekodi, hiyo ni kazi, iandike. Mimi niliacha chuo, sina digrii ya kupepea mtu usoni. Watu wananipa kazi kwa sababu wanafungua video zangu wanaona ninachoweza. Na wale utakaowataja kama wadhamini, waulize kwanza. Kuna watu wamekosa kazi juu mdhamini alipigiwa simu akauliza, "Nani huyo?"

Nne, mtu akikuambia utume pesa kwa M-Pesa ndio uitwe usaili, ama "ya medical" kwa namba yake binafsi, kimbia. Mwenye kazi anatafuta mfanyakazi, hatafuti 500 yako. Na ajenti akikuahidi kazi Ghuba, hakikisha amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uajiri kabla hujampa hata nakala ya pasipoti.

Na nyinyi mnaoandika matangazo, hamhitaji sheria mpya kufanya hili. Futeni hiyo mistari mitano, muandike mmoja: "Vyeti vitahitajika kwa atakayechaguliwa." Hautawagharimu chochote. Sisi utatuachia nauli ya kuja usaili.