Mkanda Una Pande Mbili

Mtu akipata mkanda mpya hutazama vitu viwili: rangi yake na bizimu yake. Sijapata kumwona hata mmoja katika shule yetu akiugeuza kutazama upande wa ndani. Mimi nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka siku niliyoaibika mbele ya mjomba wangu. Kwa sababu ya aibu ile naandika haya, ili wenzangu tunaofanya kazi ya ngozi yasiwapate kama yaliyonipata.

Mkanda wa kwanza nilioushona kwa mikono yangu nilimpelekea mjomba hapa hapa Mkunya. Upande wa nje niliupaka rangi ukang'aa kama mpingo. Upande wa ndani niliuacha kama ngozi ilivyotoka dukani, nyuzinyuzi tupu. Baada ya majuma mawili nikaenda kumwamkia.

"Shikamoo mjomba. Mkanda wakufaa?"

"Marahaba, mpwa wangu. Wanifaa kwa kufungia kuni."

Kisha akaniita karibu, akanionyesha shati lake jeupe. Kiunoni lilikuwa na vumbi la kahawia, na vitanzi vya suruali vilikwisha anza kulika. "Umenivika msasa," akasema. Hakukasirika, wala hakunirudishia mkanda. Aliendelea kuuvaa kwa kuwa mimi ni mpwa wake, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mnunuzi asiye mjomba asingeuvaa siku ya pili.

Ngozi ina pande mbili zisizofanana. Upande wa nje ndio ulioota manyoya. Nyuzi zake ni nyembamba, nazo zimesongana sana. Upande wa ndani ndio ulioshikamana na nyama. Nyuzi zake ni nene na zimelegea. Kila mkanda unapovutwa katika vitanzi, nyuzi hizo hukwaruza na kukatika, ndizo zinazoanguka kama vumbi. Jasho na uchafu nao huingia humo. Tena upande huo ndio unaomgusa mvaaji kutwa nzima. Basi upande wa nje ni wa macho ya watu, bali upande wa ndani ni wa mwenye mkanda.

Dawa yake si ngumu. Kwanza kata nyuzi ndefu kwa kisu kikali, kisha piga msasa laini. (Jina hili la msasa ni la mti wenye majani ya kukwaruza, ambayo mafundi waliyatumia kabla ya karatasi ya dukani.) Halafu pangusa ngozi kwa kitambaa chenye maji, iwe na unyevu tu, isirowe. Hapo ndipo panapofaa kukumbuka maneno ya wazee: ngozi ivute ili maji. Paka uji mwembamba wa wanga wa muhogo, kisha sugua kwa kukandamiza, ukifuata urefu wa mkanda, kwa chupa ya kioo au kipande cha mpingo kilicholainishwa. Usiache mpaka nyuzi zimelala na ngozi imeanza kung'aa. Anika kivulini, maana jua kali huikakamaza ngozi. Mwisho paka nta ya nyuki kidogo, usugue kwa kitambaa kikavu.

Hakuna hapo kitu cha kuagiza mbali. Muhogo tunao mashambani, na vipande vya mpingo hubaki kwa wachongaji. Maji yasiyozidi kikombe kimoja yatosha kwa mikanda mingi, nalo ni jambo jema kwetu juu ya uwanda huu wa Makonde, ambako maji si kitu cha kumwaga ovyo. Wala mtu asidhani kuwa uji wa muhogo ni njia ya maskini. Mafundi wa Ulaya walichemsha mwani, wakatumia ute wake kwa kazi hii hii.

Lakini si kila ngozi itakubali. Ngozi iliyotengenezwa kwa magamba ya miti, kama miwati inayolimwa Njombe na kampuni iliyoanzishwa mwaka 1949, hulala vizuri ikisuguliwa. Ngozi iliyotengenezwa kwa chumvi za kromu husimamisha nyuzi zake tena ikikauka. Itazame mahali ilipokatwa: mara nyingi ya kromu huwa na rangi ya kijivu au ya samawati katikati, na ya miti huwa ya kahawia mpaka ndani. Tena mchunaji akiwa amechoma kisu upande wa nyama, kusugua hakuwezi kuliondoa jeraha hilo. Ngozi ya namna hiyo isikatwe mkanda mahali penye jeraha.

Baadhi ya wenzangu husema kuwa kusugua mkanda mmoja kwachukua dakika 20, na kwa muda huo wangeweza kukata mwingine. Husema pia kuwa mnunuzi hatazami ndani. Wana haki katika neno la muda. Katika neno la mnunuzi wamekosea, maana hatazami siku ya kununua, ila siku ya kuvaa huona. Wengine husema tubandike kitambaa. Kitambaa huficha kwa muda, kisha huoza kwa jasho na kubanduka. Kubandika ngozi nyembamba ya mbuzi ni kazi nzuri sana, lakini gharama yake yaongezeka.

Tangu Januari 2024 serikali imeanza mtaala mpya wa sekondari wenye mkondo wa amali. Kazi ya mikono sasa ni somo kama masomo mengine. Haifai basi tuifanye kama mchezo wa jioni. Shauri langu ni hili: anayekagua mikanda yetu aanze na upande wa ndani, kabla hajatazama rangi wala bizimu. Mkanda unaokwaruza urudishwe kwa aliyeushona, wala usiandikwe katika daftari ya mauzo. Tukipata mikanda michache zaidi, na tupandishe bei kidogo, tumweleze mnunuzi sababu, tumpe aushike mwenyewe.

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sipendi methali hiyo isemwe juu ya kazi ya shule yetu.

Mjomba nimekwisha mshonea mkanda wa pili. Alipoupokea aliugeuza kwanza, akapitisha kidole gumba toka mwanzo hadi mwisho, ndipo akauvaa. Ule wa kwanza anafungia kuni.