Mchezaji Hufinyangwa, Haokotwi

Tarehe 24 Juni, 2013, mjini Boston, Marekani, timu ya Chicago Blackhawks ilikuwa sare ya mabao 2 kwa 2 na wenyeji wao, na mechi ilikuwa imebakiza kama dakika moja tu. Mlinzi mmoja wa Chicago akapiga shuti kutoka mbali. Likaguswa njiani, likagonga mwamba, na mwenzake Dave Bolland akalimalizia wavuni. Chicago wakatwaa Kombe la Stanley, ambalo katika mpira wa magongo wa barafuni hakuna kombe la klabu linaloheshimiwa kulipita. Mlinzi yule aliitwa Johnny Oduya.

Jina hilo si geni kwa watu wa ziwa letu, hasa upande wa Kenya. Baba yake Oduya ni Mkenya na mama yake Mswidi. Yeye mwenyewe alizaliwa Stockholm mwaka 1981, akalelewa katika mchezo ambao wengi wetu hapa Kagera hatujapata kuuona kwa macho. Wachezaji sita kila upande, pamoja na mlinda mlango, huteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye makali ya chuma, wakigombea kisahani kigumu cha mpira kwa vipindi vitatu vya dakika 20.

Lipo jambo katika maisha ya mchezaji huyu ambalo tungependa wananchi wa visiwani na viongozi wa Bukoba na Muleba walitafakari. Oduya hakuokotwa akiwa nyota. Mwaka 2001 klabu ya Washington Capitals ilimchagua akiwa mtu wa 221 katika orodha ya vijana wa mwaka huo, kisha asiichezee hata mechi moja. Alirudi kwao, akajifunza kazi katika ligi ya Uswidi, na mwaka 2005 akatwaa ubingwa wa nchi hiyo pamoja na Frölunda. Alipoanza kuichezea New Jersey Devils mwaka 2006 alikuwa ametimiza umri wa miaka 25. Tangu hapo hadi mwaka 2018 alicheza mechi zaidi ya 800 katika ligi kuu ya Amerika ya Kaskazini, akaongeza Kombe la Stanley la pili mwaka 2015, na akavaa nishani ya fedha ya Olimpiki ya Sochi mwaka 2014 akiwa na timu ya taifa ya Uswidi.

Je, damu ndiyo iliyomfanya awe hivyo? La hasha. Kilichomfanya ni uwanja uliokuwapo kabla yake, klabu za watoto, walimu wanaoujua mchezo, na subira ya kumngoja kijana akomae. Stockholm ni mji uliojengwa juu ya visiwa 14. Maji yake huganda wakati wa baridi kali, na Waswidi hawakuishia kulalamikia baridi hiyo. Waliifanya kuwa uwanja, kisha wakajenga kumbi za barafu ili watoto wasisubiri majira. Jirani zetu wa Nairobi nao wametuonyesha kwamba hata karibu na Ikweta jambo hili linawezekana. Katika kiwanja kidogo cha barafu kilichomo ndani ya hoteli, vijana wa Kenya waliunda timu yao, wakaalikwa Kanada mwaka 2018, na mwaka 2024 nchi yao ikapokelewa katika shirikisho la dunia la mchezo huo.

Hatusemi kwamba Bukoba ijengewe ukumbi wa barafu. Tunasema kwamba kila nchi huanza na kile ilichojaliwa, na sisi tumejaliwa maji. Watoto wa Bumbire, Goziba, Ikuza, Kerebe na Mazinga huyaona maji kila wanapoamka. Baba zao huyategemea kwa sangara na dagaa, na safari zao zote hupita juu yake. Hata hivyo, ni wangapi kati yao waliowahi kufundishwa kuogelea na mwalimu, kwa utaratibu, mahali palipo salama? Na mashindano ya makasia kati ya kisiwa na kisiwa yamewekwa katika kalenda ya nani?

Wapo watakaojibu kwamba visiwa vinahitaji zahanati na madawati kabla ya michezo. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kuogelea kwa mtoto wa kisiwani si anasa. Mkoa huu haujaisahau tarehe 21 Mei, 1996, ilipozama meli ya MV Bukoba, wala tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ilipoanguka ziwani mjini Bukoba na watu 19 wakapoteza maisha. Hatudai kwamba kuogelea kungewaokoa wote. Tunakumbusha tu kwamba siku ile ya Novemba wavuvi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuwafikia walionusurika. Ujuzi wa maji ni mali ya umma.

Kwa hiyo tunaishauri Halmashauri ya Muleba na wenzao wa Bukoba waanze na mambo madogo. Kila kisiwa chenye shule kitengewe sehemu ya ufuko iliyokaguliwa dhidi ya kichocho na mamba, izungushiwe kamba na maboya, na uwepo mtumbwi wa uokoaji wakati wote wa mafunzo. Wachaguliwe walimu wawili au watatu wapewe mafunzo. Na mbio za makasia na kuogelea ziingizwe katika michezo ya shule ya wilaya, wasichana wakishiriki sawa na wavulana.

Nao wazazi wa visiwani wasimwone mtoto anayefanya mazoezi kuwa mvivu aliyekimbia kazi ya nyavu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Oduya alikunjwa mapema, akangojewa miaka mingi, na matunda yakaonekana. Watoto wetu hawajapungukiwa na vipaji. Wamepungukiwa na watu wazima wa kuwaandalia uwanja, na watu hao ni sisi.