Usafi Uhesabiwe Kama Bao

Tangu chama cha michezo cha vijana wa mtaa wa Mathare jijini Nairobi, MYSA, kianzishwe mwaka 1987, anayetaka kucheza mpira sharti pia asafishe mtaa. Vyuo vikuu vyetu vina la kujifunza hapo.

Timu inayokamilisha zamu ya usafi huongezewa alama 6 kwenye jedwali la ligi. Ushindi wa mechi ni alama 3. Kwa hivyo unaweza kuwachapa wenzako uwanjani na bado wakupite kwa kuwa walishika reki na sepetu, wakazibua mtaro na kubeba uchafu kwa toroli. Mwaka 1992 Umoja wa Mataifa ulikitunuku chama hicho tuzo ya mazingira ya Global 500.

Sasa tazama chuo kikuu. Vyuo vya umma hutia saini kandarasi za utendakazi na Serikali, lakini sahihi ni ya wakubwa, si ya mhadhiri wala mfagizi. Mhadhiri anayeomba kupandishwa cheo huulizwa makala aliyochapisha, wanafunzi wa uzamili aliowasimamia na ruzuku alizoleta. Aliyekomesha umwagaji wa kemikali kwenye sinki la maabara hana mahali pa kuliandika hilo. Naye mfagizi, anayejua jikoni hutupwa nini na hosteli ipi huacha taa zikiwaka mchana kutwa, mara nyingi ameajiriwa kupitia kampuni ya nje. Nani humwita kwenye kamati ya mazingira?

Mitambo husaidia. Chuo Kikuu cha Strathmore kiliweka umemejua wa kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014, na tunakipongeza. Lakini taa ya ofisini huzimwa na mtu.

Fomu ya kupandisha vyeo iwe na sehemu ya mazingira, tena yenye alama za kutosha kumkwamisha hata profesa. Mwajiriwa mpya, kabla hajapewa funguo za ofisi, aonyeshwe takataka za chuo zinaishia wapi. Mfagizi apewe kiti kwenye kamati, na posho ya kikao sawa na wengine.

Watakuwapo wa kusema kwamba kazi ya mhadhiri ni kufundisha. Kazi ya mshambuliaji nayo ni kufunga mabao, na vijana wa Mathare wamefanya yote mawili, mabao na usafi, kwa zaidi ya miaka 30. Senati za vyuo ziliweke jambo hili kwenye ajenda ya kikao kijacho.