Dari ya Roma shingoni mwako

Ukimwona binti amevaa kidani cha kioo chenye picha ya mawingu na malaika, usidhani ni pambo la kanisani tu. Huenda picha hiyo imetoka kwenye dari yenye umri wa zaidi ya miaka 300.

Katika karne ya 17, wachoraji wa Italia wa mtindo uitwao baroko walizipaka rangi dari za makanisa na majumba hata paa likaonekana limefunguka hadi mbinguni. Bingwa wao mmoja ni Andrea Pozzo. Kanisa la Sant'Ignazio mjini Roma halikuwa na kuba, basi mnamo 1685 Pozzo akalichorea moja ya uongo kwenye turubai. Picha kubwa ya dari aliimaliza mwaka wa 1694. Sakafuni pana alama ya marumaru. Simama hapo, utaona nguzo za rangi zikipanda wima. Sogea kidogo, nazo zinainama kana kwamba zitakuangukia!

Sasa picha iliyochorwa itazamwe na mtu aliyeinua shingo itakaaje shingoni kwenyewe? Hapo ndipo sonara hodari anapotofautiana na mlipuaji. Mlipuaji huibana picha nzima katika duara la ukubwa wa sarafu, ukaambulia uji wa rangi. Hodari huchagua kipande: bawa, mkono, wingu moja la dhahabu. Mimi ningechagua pale pembeni, Pozzo alipoichora Afrika kama mwanamke mwenye mamba. (Hebu fikiria ukiulizwa ndani ya matatu huyo ni nani!)

Kabla hujatoa pesa, kigeuze kidani. Vingi ni karatasi iliyochapishwa na kugandishwa kwa gundi chini ya kioo kilichofura, ambacho huikuza picha. Vinapendeza, tena ni rahisi, lakini maji yakipenya malaika huota madoa. Usioge nacho. Vya enameli ni habari nyingine. Unga wa kioo wenye rangi huchomwa juu ya shaba, fedha au dhahabu kwa joto la nyuzi 800 hivi, tabaka baada ya tabaka. Jasho na mvua havivisumbui, ila kikianguka sakafuni rangi hubanduka. Basi muuzaji akitaja bei ya enameli, mwulize picha ilichomwa au ilibandikwa, na umtazame usoni anapojibu.