Kambi ikifungwa, je, vijiji vitarudi kama zamani?

Katika vijiji vya Kasulu na Kibondo, kuanzia Nyakitonto na Makere hadi jirani na Nduta, mazungumzo hayakawii kufika kwenye hatima ya kambi za wakimbizi. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012. Mtendeli, wilayani Kakonko, ikafuata mwaka 2021. Warundi wameendelea kurejea kwao, na wapo wenyeji wanaosema kwamba wageni wakishaondoka, maisha yatarudi kama yalivyokuwa.

Wataalamu wa elimu ya jamii, yaani sosholojia, wamelijadili jambo hili kwa muda mrefu. Mfaransa Émile Durkheim, na baadaye Mmarekani Talcott Parsons, waliifananisha jamii na mwili: kiungo kimoja kikiguswa, vingine hujipanga upya mpaka utulivu urejee. Ukiutazama mkoa wetu hivyo, kambi ni kama homa. Ikishuka, mgonjwa anaamka na kushika jembe lake.

Hapa hatukubaliani nao. Nyarugusu ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Aliyezaliwa Makere mwaka huo leo ni mtu mzima, na hajawahi kuijua Makere isiyo na kambi. Hiyo zamani anayotakiwa kuirudia ni ipi?

Karl Marx angeanza kwingine. Angeuliza nani ana shamba na nani analima la mwenzake. Mtafiti Beth Whitaker, aliyefanya kazi magharibi mwa Tanzania miaka ya 1990, aliona kwamba neema na mzigo wa wakimbizi havikuwaangukia wenyeji wote sawasawa. Mwenye mtaji, elimu au shamba kubwa alipata vibarua wa bei nafuu na wanunuzi wengi. Asiye na kitu, aliyetegemea kibarua hichohicho, alijikuta akigombania ujira na mtu aliye tayari kulima kwa malipo madogo zaidi. Hata serikali ilipofunga masoko ya pamoja ya kambini, ambako wenyeji na wakimbizi waliuziana, pigo halikuwa moja. Mwenye lori anaweza kutafuta soko jingine, lakini mama anayebeba ndizi kichwani hana pa kwenda.

Max Weber, Mjerumani, alisisitiza kwamba fikra nazo husukuma mabadiliko, si mali peke yake. Mtafiti Loren Landau aliilinganisha Kasulu na Mpwapwa, wilaya isiyokuwa na wakimbizi, na akatilia mkazo jinsi wananchi wanavyoiona serikali yao na wanavyoitarajia. Tunaona ana hoja. Shimo la kisima likikauka, maji ni yaleyale yaliyopotea. Lakini aliyezoea kuona kisima kikichimbwa na shirika hatampelekea malalamiko mtu yuleyule aliyempelekea baba yake.

Na hiyo zamani yenyewe haikuwa imetulia. Enzi za ukoloni, wanaume wengi wa Buha waliondoka kama manamba kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko, wakiacha wake na wazee wakilima. Baadaye, mwaka 1972, ikaja Operesheni Kigoma. Familia zilizokuwa zimetawanyika vilimani, kila moja na migomba yake, zilihamishiwa kwenye vijiji vilivyopangwa. Nadharia ya mwili unaojirekebisha wenyewe haielezi hapo, kwa sababu waliopanga mistari ya nyumba hawakuwa wanakijiji. Mwaka huohuo Warundi wengi walivuka mpaka wakikimbia mauaji. Kiha na Kirundi vinasikilizana bila mkalimani, kwa hiyo hata nani mgeni na nani mwenyeji si jambo linaloonekana kwa macho wala kusikika kwa masikio.

Ndiyo maana tunadhani hoja ya kurudi inatupotezea muda. Kambi inapofungwa kunabaki ardhi, visima, majengo ya zahanati na ya shule, na msitu uliokatwa kuni kwa miaka. Eneo la Mtabila lilikwenda kwa Jeshi la Kujenga Taifa. Uamuzi wa namna hiyo ukifika Nduta au Nyarugusu, utaamuliwa na waliomo kwenye kikao. Mwenye lori hakosi nafasi humo. Mama wa ndizi apewe taarifa ya kikao kabla ya siku yenyewe, na asikilizwe juu ya soko analolitaka na mahali pa kuliweka.